Nusu ya Chupa

Uppsala, 12 Novemba 2023

Mwihwa wangu Kokugonza,

Leo nimetimiza miaka arobaini na mmoja nje ya Kagera. Tarehe siisahau, kwa sababu meli ya kwenda Mwanza iliondoka Bukoba siku ya mazishi ya mwalimu wangu wa kwaya, nami sikumzika. Tangu hapo nimerudi mara moja tu, tulipomzika bibi yako.

Nisalimie mumeo Mwijage na majirani wote wa Ijuganyondo. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mzee wa miaka sitini na minane. Nyonga ya kushoto inalalamika, theluji imewahi mwaka huu, na jirani yangu amenisafishia njia mpaka barabarani bila kuombwa. Hapa huo ndio urafiki. Hatujawahi kunywa chai pamoja.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe husema, "Hatujambo, Mjomba," kisha mtandao unakatika. Karatasi humpa mtu nafasi ya kusema la pili.

Dada yangu, mama yako Magdalena, ameniambia kwamba mwanao Dastan aling'olewa jino akatoka damu siku tatu, na kwamba madaktari wamelitaja jina: hemofilia. Mimi nililisikia jina hilo nikiwa na miaka ishirini na saba, hapa ugenini, magoti yakiwa yameshaharibika. Kaka yetu Lameki hakulisikia kabisa. Alikatwa kimeo akiwa mtoto, damu haikukoma, na watu wa nyumbani wakamtafuta mchawi. Mchawi hakuwepo. Damu yetu ina upungufu wa kitu kimoja cha kuigandisha, na upungufu huo hupitia kwa mama na kumwangukia mtoto wa kiume. Bibi yako hakujua anaubeba. Mama yako hakujua. Wewe hukujua. Mtu akikuambia kwamba umewaletea ugonjwa wakwe zako, mwambie mjomba wako amesema haukuletwa kwa kusudi kama vile rangi ya macho isivyoletwa kwa kusudi.

Nimefurahi kwamba Sista Vestina wa kliniki amekufundisha kumchoma Dastan nyumbani ile dawa ya kugandisha damu, ambayo naambiwa nanyi mnaiita fakta. Niandikie jinsi unavyofanya. Usinifiche kitu kwa kuogopa kunisumbua. Mimi mwenyewe najichoma mara mbili kwa wiki mezani pa kulia chakula, na bado kuna siku mshipa unanikimbia.

Mjomba wako,
Onesphory Kyaruzi


Ijuganyondo, 10 Desemba 2023

Shikamoo Mjomba,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imefika pembe moja ikiwa imelowa, lakini yote inasomeka. Mwijage ameisoma kwa sauti, hata pale ulipomtaja mchawi, na mama mkwe alikuwepo! Alikuja kutoka Muleba kununua vitu vya Krismasi. Akasema, "Huyo mjomba wako anaandika kama padri." Sijui kama ni sifa.

Senene wameanguka mwaka huu mpaka tukachoka kuwanyonyoa. Mama amekaanga, amekufungia kopo lako, amelificha juu ya kabati. Tulimwambia kopo la mwaka juzi bado lipo. Akasema, "Nyumba isiyo na cha kumpa mgeni si nyumba." Ndivyo alivyonilea.

Mimi nashona sare za kwaya usiku na mchana. Dastan ana miaka minane sasa na mdomo wa mzee. Anasema atakuwa daktari wa ng'ombe kwa sababu ng'ombe hawaulizi kama sindano inauma. Amekosa shule siku chache, goti la kulia linamsumbua kidogo asubuhi, anachechemea, halafu linapoa. Si jambo.

Dawa ipo, Mjomba, ipo ya kutosha, nimeitunza vizuri kwenye friji. Usiwe na wasiwasi. Mama mkwe ndiye mwenye wasiwasi: anasema dawa inayotengenezwa kwa damu za watu italeta magonjwa yao.

Sasa nina langu. Miaka yote ulituambia huwezi kurudi kwa sababu dawa yako haipatikani huku. Leo inapatikana, mwendo wa bodaboda kutoka hapa. Mama amepalilia sehemu yako ya kibanja, migomba imesimama vizuri. Sababu imekwisha, Mjomba waitu. Rudi.

Ni mimi,
Kokugonza


Uppsala, 21 Januari 2024

Mwihwa wangu,

Heri ya mwaka mpya. Mwambie mama yako aligawe hilo kopo. Senene hawangojei mtu miaka miwili. Hapa baridi imefika mahali ambapo pua huuma ndani. Nasoma sana, natoka kidogo.

Nianze na mama mkwe wako, kwa sababu hakukosea kuuliza. Miaka ya mwanzo niliyotibiwa, dawa hii ilitengenezwa kwa damu za maelfu ya watu bila kusafishwa ipasavyo. Mimi ilinipa ugonjwa wa ini. Wenzangu wawili niliokuwa nikikaa nao kwenye benchi la kliniki iliwapa kubwa zaidi, na hawapo. Ugonjwa wangu ulitibiwa baadaye kwa vidonge, ukaniachia ini lenye makovu. Dawa ya leo husafishwa kwa njia zinazoua vijidudu hivyo, na nyingine haitokani na damu ya mtu kabisa. Mwambie hofu yake ilikuwa ya kweli, ila ni ya zama zangu, si ya zama za Dastan.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba dawa ipo ya kutosha, na umeniandikia kwamba mtoto anachechemea. Mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Goti linalouma asubuhi na kupoa mchana ni goti linalovuja damu ndani. Fakta huchomwa dalili inapoanza, wakati mtoto anasema tu kwamba goti linamtekenya au lina joto, kabla halijavimba. Ukisubiri uvimbe umechelewa. Damu ikizoea kuingia kwenye kiungo, kiungo chenyewe huanza kulika. Magoti yangu ni ushahidi. Yamefungwa kwa chuma na mimi hupanda ngazi kwa ubavu.

Kwa hiyo nakuuliza, na tafadhali usinijibu kwa simu: Je, unamchoma kila anapolalamika? Je, unamchoma chupa nzima aliyopangiwa na Sista kwa uzito wake?

Kuhusu kurudi kwangu, nimekusoma.

Onesphory


Ijuganyondo, 3 Machi 2024

Mjomba shikamoo,

Naandika kwa haraka, cherehani inaningoja. Kesho tunakwenda Muleba, mtoto wa wifi yangu anapata kipaimara na mimi ndiye niliyeshona magauni. Mama hajambo. Mvua zimeanza. Dastan anakwenda nasi, amefurahi, ameshaambiwa kuna mbuzi.

Nimeshaandaa dawa yake ya safari, nimeiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu. Swali lako la chupa nitalijibu nikitulia.

Na wewe langu hujalijibu. "Nimekusoma" si jibu.

Kokugonza


Uppsala, 24 Machi 2024

Kokugonza,

Barua yako imefika wiki iliyopita. Sina salamu ndefu.

Umeandika "nimeshaandaa". Dawa hii haiandaliwi jana kwa ajili ya kesho. Ikishachanganywa na maji yake huchomwa ndani ya saa chache, na inayobaki humwagwa, hata kama moyo unauma. Natumaini uliandika vibaya, au nimesoma vibaya.

Nimepiga simu yako wiki nzima. Mwijage alipokea mara moja akasema, "Mjomba, tuko salama, Kokugonza yuko bafuni." Mama yako naye ameniambia mko salama kwa ile sauti aliyotumia alipotaka kunificha kwamba baba ameshakufa. Mimi ni mzee, siyo mtoto. Niandikieni.

Onesphory


Bukoba, 5 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na safari hii naliandika neno hilo likiwa kweli. Mama hajambo, anakusalimu, anasema sauti yake haina kasoro yoyote. Kahawa imeanza kuiva upande wa Kaagya.

Hukusoma vibaya.

Mwaka jana kabla ya Krismasi, kliniki ilikaa wiki nyingi bila fakta. Nilikuwa nimekaa kwenye foleni nikamwona mama mmoja akirudishwa na mtoto wake mgongoni, goti limevimba kama nazi. Sista Vestina mwenyewe alilia. Chupa zilipokuja, akanipa za kuweka nyumbani. Nikazitazama nikasema moyoni, hizi haziishi mkononi mwangu. Dastan akilalamika kidogo, namwambia apumzike, naweka barafu. Akilalamika sana, nachanganya chupa moja, namchoma nusu, nusu nyingine inabaki kwenye sindano, naifunika, naiweka friji kwa siku nyingine. Chupa nzima nzima nilikuwa naziwekea siku kubwa. Unajua tulivyolelewa, Mjomba. Kitu kizuri hakimalizwi. Huwekwa, mgeni akija kisikosekane. Niliona siku kubwa ndiyo mgeni.

Muleba nilikwenda na ile nusu. Chupa nzima niliziacha friji, nimezifungia.

Siku ya pili Dastan alikimbizana na wenzake, jioni goti likavimba. Nikamchoma ile nusu ya kwenye chupa ya chai. Barafu ilikuwa imeyeyuka. Haikupita muda akaanza kutetemeka, meno yanagongana, mwili moto, na mkono niliouchoma ukawa mwekundu. Goti nalo linaendelea. Mama mkwe, Klaudia, akamwita mzee mmoja jirani anayeumika watu kwa pembe. Alikuja na wembe wake, Mjomba, umefungwa kwenye karatasi safi. Mama mkwe hakuwa na ubaya, alikuwa analia. Anasema, "Damu mbaya lazima itolewe. Mnangoja nini?"

Mwijage, ambaye tangu nilipofundishwa hajawahi kukaa chumbani nikimchoma mtoto, alisimama mlangoni. Akasema, "Mama, ya huyu ikitolewa haijui kurudi. Hakuna wembe utakaomgusa."

"Unanifukuzia mgeni?"

"Namwomba mgeni anywe chai. Kokugonza, chukua mtoto."

Tukapata gari la mtu wa dagaa mpaka Bukoba. Dastan ananuka dagaa na homa. Hospitalini wakasema vijidudu vimeingia kwenye damu kupitia ile sindano niliyoiweka. Walimpa dawa za mshipa wiki nzima, na fakta kamili kila siku, kutoka kwenye chupa zile zile nilizokuwa nimezifungia. Mwijage alizifuata nyumbani kwa pikipiki.

Sista Vestina alikuja amevaa nguo za nyumbani. Nilimweleza yote, nikingoja anifokee. Akanitazama sana. "Mama Dastan," akasema, "hii si mchuzi wa jana ukaupashe." Halafu akakaa chini pembeni yangu, akasema, "Na mimi nilikupa chupa, nikakuambia namna ya kuchoma. Hofu yako sikukuuliza." Mimi ndipo nililia.

Sasa tunafanya hivi. Nanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Chupa na maji yake vinatoka friji vinakaa mezani mpaka baridi iishe. Nazungusha taratibu, sitikisi, haitakiwi kutoa povu. Mwijage anafunga mpira mkononi na kumshika, mimi natafuta mshipa kwa sindano ya kipepeo, ile ndogo yenye mabawa. Nasukuma polepole. Tukimaliza, anabonyeza pamba, dakika nyingi, anahesabu kwa Kihaya na Dastan anamsahihisha. Sindano zinaingia kwenye boksi la manjano, boksi linarudi kliniki. Chupa nzima, Mjomba. Hakuna kinachobaki. Na kliniki ikikosa, Sista amesema nimpigie yeye, kuna kliniki nyingine zinazosaidiana.

Goti halinyooki lote. Anafanya mazoezi, mtaalamu anasema huenda likanyooka, huenda lisinyooke. Hilo nimeliandika mwisho kwa sababu ndilo gumu.

Sikupokea simu zako kwa aibu. Nilijua ukisikia sauti yangu utajua.

Swali langu bado lipo. Sasa nalitaka zaidi. Njoo ukae nasi. Njoo Dastan amwone mtu mzima mwenye damu yake.

Kokugonza


Uppsala, 16 Juni 2024

Mwihwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, ya mwisho nikiwa nimesimama, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi. Kwanza kasinge, asante kwa kuniandikia lililokuwa gumu. Msalimie Mwijage kwa namna ya pekee. Sikuwahi kumjua. Sasa namjua, na inanitosha kwamba alisimama mlangoni. Mama yake msimwachie aibu. Mpelekeni kwa Sista Vestina siku moja akae aone Dastan anavyochomwa. Aliyemwita mwumikaji alikuwa anamtafutia mjukuu msaada, na mwenye nia hiyo hufundishika.

Nawe usijiite mbaya. Ulifanya kitu ambacho mama yako angekifanya, na bibi yako, na mimi pia kama ningebaki. Lakini huyo mgeni uliyekuwa ukimwekea alikuwa ameshafika zamani. Alikuwa amekaa kwenye goti la mtoto tangu Desemba. Kila siku ambayo Dastan anasema "linatekenya" ndiyo siku kubwa. Mfundishe aseme bila woga, na asipewe tena sababu ya kukuhurumia. Watoto wetu huficha maumivu wakiona mama anahesabu chupa. Mimi nilificha.

Mwambie haya yanatoka kwa mzee mwenye damu yake: kuogelea ndiyo, mpira wa miguu hapana, kupanda miti na kuwinda panya hata asiniulize. Asichomwe sindano ya msuli popote bila kusema jina la ugonjwa wake kwanza. Asinywe aspirini. Avae kitambulisho cha kliniki hata kikimuudhi. Na goti alinyooshe kila siku, kidogo kidogo, hata siku asizotaka. Langu liliachwa lipumzike miaka miwili, likapumzika moja kwa moja.

Sasa swali lako. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na jibu, na sikulipenda.

Fakta hupimwa kwa uzito wa mtu, unajua. Dastan ni mtoto mwembamba. Mimi nina kilo themanini na tatu. Chupa moja inayomtosha yeye, kwangu ninahitaji nne, na nahitaji hivyo mara mbili kwa wiki, kwa sababu viungo vyangu havina tena ukuta wa kuzuia. Hapa serikali inalipa, na duka la dawa halijawahi kuniambia nirudi kesho. Huko, chupa hizo ni msaada unaogawiwa watoto. Nimefanya hesabu hiyo kwa penseli, nikaifuta, nikaifanya tena nikitumaini nimekosea. Nikikaa Ijuganyondo mwezi mmoja, nimetumia ya Dastan ya mwaka, na ya yule mtoto uliyemwona akirudishwa mgongoni. Sista Vestina hatanikatalia, mzee huheshimiwa. Ndiyo maana sipaswi kumweka mahali pa kunikatalia.

Utasema nije na za kwangu. Naweza kubeba za wiki chache. Wiki chache ni kutembea, nami nilitembea mara moja. Nilikaa nyumbani kwa baba yangu siku tisa, watu wakinikaribisha kiti, wakiniuliza kama nitaweza kula ndizi. Sitaki kukaribishwa kiti mara ya pili.

Miaka mingi niliwaambia kwamba dawa ndiyo inayonizuia, na mara nyingine nilikuwa nasingizia. Nilikuwa nimezoea, nilikuwa na kazi, vitabu, njia yangu ya kwenda maktaba. Leo dawa imefika Bukoba, na leo ndiyo inanizuia kwa kweli. Sijui kama jambo hilo ni la kucheka. Jana nilicheka kidogo.

Sehemu yangu ya kibanja mpe Dastan. Nimemwandikia mama yako, atawaita wazee waonyeshe mipaka. Migomba ikizidi, iuzeni. Nitaendelea kuandika, naye akijua kuandika vizuri, aniandikie mwenyewe, asinifiche goti.

Mimi sitarudi, Kokugonza.

Mjomba wako,
Onesphory